Nani Aliyeiunguza Mota ya Goweko

Saa mbili na robo asubuhi, siku ya Alhamisi, Inspekta Apolinaria Kapela alikuwa na jalada la kurasa tatu, mtuhumiwa mmoja, na saa saba kasoro robo za kuamua la kumfanya. Ikifika saa tisa alasiri, saa ishirini na nne tangu akamatwe, fundi Shomari Mrisho awe amefikishwa mahakamani au awe ameachiwa. Sheria haikuwa na njia ya tatu. Mkuu wake alikwisha kuandika pembeni mwa jalada, kwa wino mwekundu: "Apelekwe." Apolinaria alilisoma neno hilo mara mbili, akafunga jalada, akaagiza mtuhumiwa aletwe.

Ndiyo tabia yake. Pale ofisi ya upelelezi vijana walimpa jina la Mama Hebu Kwanza, wakidhani halijui. Alilijua, na lilimfurahisha kuliko vyeo vyote alivyowahi kupewa.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Kikundi cha kina mama wa Goweko kilikuwa na mashine ya kusaga inayoendeshwa na mota ya umeme. Mwezi wa tano mota iliungua. Shomari, fundi wa kusuka mota mwenye kibanda chake Ng'ambo, mjini Tabora, akaisuka upya, akairudisha, na ukutani akafunga kisanduku cha kuilinda. Wiki tano baadaye, jana Jumatano alfajiri, mota ikaungua tena. Mwenyekiti wa kikundi, Mama Koleta, alipanda gari la kwanza la Tabora akaja kutoa maelezo: fundi ameiharibu makusudi ili aitwe tena. Na mashahidi wawili walimsikia fundi huyo, wiki iliyopita, akisema mbele ya watu kwamba mota ile itaungua kabla mwezi haujaisha.

Shomari aliingia akiwa ameshika suruali kwa mkono mmoja, maana mkanda wake ulibaki kaunta. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, vidole vimegeuka rangi ya chai kwa vanishi ya miaka mingi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Ulisema mota itaungua?"

"Nilisema."

"Na imeungua."

"Imeungua, ndiyo."

"Ulijuaje?"

"Afande, mgonjwa akizimia kila asubuhi, daktari akasema jamani huyu atakufa, basi daktari ndiye aliyemuua?"

Apolinaria alisukuma karatasi tupu na kalamu upande wa pili wa meza. "Mimi umeme ninaujua wa kuwasha taa na kupasi sare. Nichoree."

Fundi aliacha suruali, akashika kalamu, na hapo hapo uso wake ukabadilika. Alichora duara, na ndani yake duara jingine.

"Hili la ndani ndilo linalozunguka. Mota inapoamka, inavuta umeme mara sita ya ule iliouzoea. Mara sita, afande! Lakini ni kwa sekunde mbili tatu tu. Ikishachangamka inatulia. Sasa kitu kikiishika isizunguke, haitulii. Inaendelea kuvuta mara sita ile ile, inanguruma imesimama palepale, na moto wote unabaki ndani kwenye nyaya. Nusu dakika tu, vanishi inayozikinga inayeyuka, nyaya zinagusana, basi."

"Na kisanduku chako?"

"Ndani kuna kontakta, ndiyo inayofungua na kufunga umeme. Chini yake kuna ovalodi. Ovalodi inaupima ule umeme. Ikiona mota inavuta mno na haitulii, inaiamuru kontakta iachie. Inakata."

"Ilikuwa inakata?"

"Kila asubuhi! Anton, yule mwendesha mashine, kanipigia mara mbili, nimekwenda mara mbili. Nafika saa sita mchana, nawasha, inaamka vizuri tu. Nikapima umeme, fezi, zile njia tatu za umeme, zote zipo. Mkanda mzima, bearingi nzima. Nikawaambia, kuna kitu kinaishika mota hii asubuhi. Mimi sijakiona, ila kipo, na msipokitafuta itaungua. Maneno yenyewe ndiyo hayo."

"Kama kisanduku kilikuwa kinakata, mota imeunguaje?"

"Hapo ndipo nilipokwama tangu jana." Alirudisha kalamu taratibu. "Kile kisanduku hakiwezi kuiacha iungue labda kiwe kimezuiwa. Jana niliomba kifunguliwe. Nikaambiwa nitaomba mbele ya hakimu."

Apolinaria alisimama. Fundi naye akasimama, suruali mkononi.

"Afande, nina neno moja. Nikipandishwa kizimbani leo, hata kesho nikishinda, ni nani Ng'ambo ataniletea mota yake? Watasema ni yule anayeziunguza. Mimi sina shamba. Nina jina."

Koplo Samweli alikuwa ameshawasha gari. Barabara ya Goweko inafuata njia ya wapagazi wa zamani, wale waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe kwenda pwani kwa miguu yao. Siku hizi reli imelala karibu yake na mabani ya kukaushia tumbaku yanatoa vichwa kati ya miti ya miombo. Samweli alikanyaga mafuta. Apolinaria alikuwa na jalada mapajani na hakulifungua hata mara moja. Alikuwa anaitazama ile michoro ya fundi.

Mama Koleta aliwangoja mlangoni mwa mashine, khanga kiunoni, kitambaa cha kwaya ya Moravian kichwani. Miaka yake sitini na ushee haikumpunguzia kitu. Pembeni alisimama Anton, mwanamume mrefu mwenye unga kwenye kope, amevaa viatu vya kanisani siku ya kazi.

"Shikamoo, mama," Apolinaria alisalimia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ujionee. Shukrani ya punda ni mateke. Tulimwamini mtu yule, tukampikia hadi kuku. Angalia alivyotulipa."

Chumba kilikuwa bado na harufu kali ya vanishi iliyoungua, na chini yake harufu nyingine ya uchachu ambayo Apolinaria aliinusa akaiacha kwanza. Mota ilikaa kwenye kitako chake, nyeusi kwenye matundu ya hewa. Nje, kina mama walipita na ndoo za mahindi kichwani, wakivuka barabara kwenda kwenye mashine ya dizeli ya Bwana Raymundi.

"Jana asubuhi nani aliwasha?"

"Mimi," Anton alijibu.

"Nini kikatokea?"

"Ikanguruma, haikuzunguka. Ikatoa moshi."

"Ulizima?"

"Nilibonyeza cha kuzimia. Haikuzima. Nikakimbilia swichi kuu, kule nje. Nilivyorudi ilikuwa imekwisha."

"Haikuzima." Apolinaria aliliandika. "Samweli, hakikisha swichi kuu imekatwa, halafu fungua kisanduku."

Samweli akafungua. Kontakta ilikuwa imebaki imejibana kana kwamba bado inafanya kazi, na mahali inapotakiwa kuruka ikiambiwa iachie palikuwa na kitu cha buluu, kimeyeyuka upande mmoja, kimeshindiliwa. Koplo alikichomoa kwa koleo. Kilikuwa kipande cha mpira laini chenye pembe tatu, na upande uliosalimika ulikuwa na vidutu vidogo vidogo vya kuzuia mguu kuteleza.

Apolinaria alikitazama, kisha akatazama viatu vya kanisani.

"Ndala zako ziko wapi, Anton?"

"Nyumbani, afande."

"Zile za buluu nyuma ya mlango ni za nani?"

Hakuna aliyehitaji kuzileta. Zilionekana palepale zilipowekwa, na ya kushoto ilikosa kipande cha kisigino. Anton alikaa chini juu ya gunia la pumba.

"Ilikuwa inakata sana, afande. Nabonyeza kitufe cha kuwashia, inanguruma, inakata. Nabonyeza tena. Mara nne, mara tano, ndiyo inaamka. Na watu wako nje tangu saa kumi na mbili, wana watoto wa shule, wananitukana. Jumatatu nikaona nikiizuia isikate kwa kipande cha ndala, itaamka tu kwa mara moja. Na Jumatatu iliamka, nikakichomoa! Jumanne pia!"

"Na Jumatano ikaungua."

"Na Jumatano ikaungua," alirudia. "Nilisikia fundi amechukuliwa. Niliogopa, afande. Nina wanne nyumbani."

"Ala!" Mama Koleta alimgeukia. "Kumbe ni wewe! Inspekta, mfunge pingu huyu, basi tumemaliza."

Wapelelezi wengi wangemaliza. Saa ilikuwa nne na nusu, mkosaji amekiri, gari liko nje. Samweli alikwisha kugusa pingu kiunoni.

"Hebu kwanza," alisema Apolinaria. "Anton amemfunga kamba mlinzi wa mota, sawa, nitamhoji juu ya hilo. Lakini mlinzi alikuwa anapiga kelele kila asubuhi kabla hajafungwa. Alikuwa anamwona nani? Anton, asubuhi ipi ilikusumbua zaidi?"

Anton alifikiri. "Jumatano. Kila Jumatano."

"Kwa nini Jumatano?"

"Sijui, afande. Jumanne ni gulio, tunasaga kutwa nzima. Labda mota inachoka."

"Chuma hakichoki kwa gulio moja. Fungua tumbo la mashine."

Bolti zilikuwa nane, mbili zimeshika kutu. Mfuniko ulipong'oka, ile harufu ya uchachu ikatoka yote kwa pamoja, ya togwa iliyosahauliwa. Nyundo za kusagia hazikuonekana vizuri. Zilikuwa zimezama kwenye uji uliokauka ukawa mgumu, umejaa kutoka chini hadi usawa wa shafti. Samweli alijaribu kuizungusha shafti kwa mikono miwili, haikusogea.

Hicho ndicho kilichokuwa kinaishika.

Apolinaria alichukua bisibisi akang'oa bonge, akalivunja juu ya gazeti. Alichambua kwa ncha, taratibu, kama anayechagua mchele. Mahindi meupe. Mahindi ya njano. Mtama. Uwele. Punje za mpunga. Mengine yalikuwa makavu, mengine yameumuka kwa kuwa yalitiwa maji, kama wafanyavyo watu kabla ya kukoboa.

"Mama, Jumanne jioni nani alisaga mwisho?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulisaga nini?"

"Mahindi. Debe moja."

"Mahindi tu?"

"Mahindi tu, meupe."

"Na baada ya hapo, Anton?"

"Naiacha izunguke tupu mpaka iwe safi ndani, ndiyo nazima. Fundi alituagiza hivyo, na sijawahi kuacha."

Basi nafaka hizi ziliingia baada ya mota kuzimwa. Na hazikutoka kwa mtu mmoja, maana hakuna nyumba inayoleta mashineni nafaka za aina tano ndani ya ndoo moja.

"Ufunguo wa mlango?"

"Ninao mimi," Mama Koleta alisema. Hakuwa akiangalia lile gazeti. Alikuwa akijifuta uso kwa ncha ya khanga, ingawa chumba kilikuwa na ubaridi. "Inspekta, mimi ningekuwa wewe ningevuka barabara. Mota yetu ikilala, nani anakula? Raymundi. Wateja wote wako kwake sasa hivi."

Apolinaria aliitazama kufuli, nzima, bila mkwaruzo. Aliutazama mdomo wa mashine uliokuwa ndani, mita tatu kutoka dirisha lenye nondo. Kisha akavuka barabara hata hivyo, kwa sababu mtu anayekuelekeza mahali amekuambia kitu, hata kama siyo kile alichokusudia.

Raymundi alikuwa mnene, mcheshi, na siku hiyo alikuwa na foleni ya watu ishirini.

"Ulifurahi mota yao ilipoungua?"

"Afande, nikisema sikufurahi nitakuwa mwongo wa mchana kweupe. Nilifurahi. Nikamwomba Mungu anisamehe, halafu nikanunua dizeli."

"Ukitaka kuiharibu mashine ya umeme ungefanyaje?"

"Ningekata waya," alijibu bila kufikiri.

"Ungeijaza nafaka kabla haijawashwa?"

Raymundi alishangaa kweli. "Nafaka inaharibu nini? Njoo uone." Alimpeleka kwenye injini yake. "Hii naiamsha haina mzigo, mkanda nimeuvua. Ikishachangamka ndiyo navisha mkanda. Humo kwenye mashine hata ujaze kokoto, injini haina habari." Akacheka, kisha kicheko kikaisha vibaya. "Ila yangu hakuna wa kuijaza. Miaka kumi na minne nawasagia watu hawa. Yangu hawaipi hata punje. Ile ya umeme wanailisha kama mtoto mchanga."

"Wanailisha?"

Raymundi alijishughulisha na gunia. "Muulize mwenyekiti. Mimi ni mwanamume, hayo si yangu."

Alipovuka tena barabara, Apolinaria alimwambia Samweli akae nje na Anton. Akaingia peke yake, akavuta debe tupu, akaketi chini kidogo ya Mama Koleta, ili bibi yule asihojiwe akiwa anatazamwa kutoka juu.

"Mama. Mkishazima, mashine hii mnaipa nini?"

Nje dizeli ilikohoa ikaendelea.

"Sisi ni watu wa kanisa," Mama Koleta alisema mwishoni. "Na wamo Waislamu kwenye kikundi. Usiandike tambiko. Si tambiko."

"Sitaandika tambiko. Niambie ni nini."

"Ni asante." Alifungua viganja vyake. Chini ya vidole ngozi ilikuwa ngumu, ya kung'aa, alama za jiwe la kusagia. "Bibi yangu alinifundisha. Na yeye alifundishwa na mama yake, ambaye alifuatana na mume wake katika misafara, yeye na chungu chake kichwani. Kambini kulikuwa na mawe ya kusagia, hayana mwenyewe. Unafika umechoka, unasaga, unakula, unalala. Asubuhi ukiondoka huliachi jiwe tupu. Unaacha konzi moja ya nafaka, ujazo wa kiganja, juu yake. Unalishukuru, na yule anayekuja nyuma yako na njaa anakuta pa kuanzia. Jiwe lisilale njaa. Kwetu hakuna mwanamke aliyeacha jiwe tupu."

"Na mashine?"

"Mwanangu, nimesaga kwa mikono hii miaka ya usichana wangu wote, naamka jogoo wa kwanza. Umeme ulipokuja tukafunga mota, nikaleta debe, nikasaga kwa dakika kumi. Nilitoka nje nikakaa chini nikalia, nashukuru. Sikujua nimshukuru nani. Serikali, Mungu, au hilo lidude lenyewe. Basi jioni, Anton alipozima akaenda kunawa, nikatia konzi yangu mdomoni mwa mashine. Mwenzangu akaniona, akatia. Ikawa hivyo. Kila mwenye kusaga mchana anapitia jioni, Anton akishaondoka, anaacha yake, ndiyo nafunga mlango."

"Jumanne walikuwa wangapi?"

"Siku ya gulio? Arobaini. Labda zaidi. Watu walivuna vizuri mwaka huu."

Apolinaria alipima kichwani. Konzi arobaini ni kisado kilichojaa mpaka juu. Mdomo wa mashine hauna kizuizi cha maana. Nafaka inateremka hadi kwenye nyundo. Yenye maji inashikana na vumbi la unga, inalala usiku kucha, inaganda. Siku za kawaida zilikuwa konzi kumi, kumi na tano, na mota ilizivunja kwa kusukumwa mara nne, mara tano, kila mara ovalodi ikiiokoa. Saa sita fundi alipofika, tumbo lilikuwa limeshasafishwa na kazi ya asubuhi. Angepima mpaka kiama asingeona kitu. Na Anton alijua mashine aliiacha tupu, kwa nini aifungue?

Alimweleza Mama Koleta hayo yote pole pole, kwa mchoro wa fundi, duara ndani ya duara. Jiwe halidhuriki ukiliachia nafaka, maana jiwe linangoja mkono. Mota haina subira hiyo. Ikiambiwa amka, inaamka kwa nguvu zake zote, na ikikuta imeshikwa inajichoma yenyewe.

Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo hata ile ya mwezi wa tano."

"Hata ile."

"Ni sisi, basi. Na aliyeanza ni mimi." Alikunja viganja vyake. "Na mtu wa watu amelala sakafuni."

"Saa hizi ni sita na dakika kumi, mama. Mimi nitaandika nilichokiona. Lakini malalamiko ni yako, na kuyaondoa ni kwako. Ukija Tabora, fundi hataiona mahakama leo. Siwezi kukulazimisha."

Mama Koleta alisimama. Apolinaria alidhani anaelekea garini. Kumbe alikwenda moja kwa moja hadi kwenye foleni ya Raymundi, katikati ya kina mama wake, akavua kitambaa cha kwaya akakishika mkononi. Alisema yote, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongoza wimbo. Kwamba konzi zao ndizo zilizoiua mota. Kwamba fundi hakukosa. Kwamba yeye alimpeleka polisi mtu aliyewaonya.

Kina mama walitazamana. Mmoja aliweka mkono mdomoni. Kisha Jenifa, mhazini wa kikundi, akashusha ndoo yake chini.

"Huyo baba amekula?"

"Sijui," Mama Koleta alijibu.

"Tangu jana hamjui kama amekula!"

Dakika tano zilitosha kuleta chakula kilichokuwa kimeshaiva jikoni kwa mmoja wao. Gari la polisi liliondoka Goweko likiwa na mwenyekiti mbele, Jenifa nyuma na Anton pembeni yake, mapajani mwa Jenifa bakuli la ugali na kuku lililofungwa kwa kitambaa, na Samweli akilalamika kwamba harufu ile inamkosesha uendeshaji mzuri. Apolinaria alimwacha alalamike. Moyo wake ulikuwa mwepesi, na aliikubali furaha hiyo bila kuona haya. Kazi yake haikumpa nyingi za namna ile.

Saa nane na nusu aliweka vitu viwili juu ya meza ya mkuu wake: kipande cha ndala na bonge la uji mkavu. Aliongea kwa dakika nne. Mkuu alilisukuma lile bonge kwa ncha ya kalamu, akauliza maswali mawili, yote mazuri, kisha akalikata neno lake jekundu na kuandika jingine chini yake. Anton alipewa onyo la maandishi na kuambiwa aende nyumbani akawaambie wanawe ukweli kabla hawajausikia gulioni.

Shomari alitolewa. Apolinaria alimwambia palepale kwenye korido kwamba yuko huru, na fundi hakuruka wala hakushangilia. Swali lake la kwanza lilikuwa la kifundi.

"Ilikuwa imeshikwa na nini?"

Aliambiwa. Akasikiliza kichwa kimeinama, kisha mabega yakaanza kutikisika, na ikabidi mtu aangalie mara mbili kujua kwamba anacheka.

"Konzi! Na mimi nakwenda saa sita na mita yangu! Ningekwenda alfajiri mara moja tu, afande, mara moja..." Kicheko kilimgeuka kikawa machozi, akayafuta kwa vidole vyake vya rangi ya chai. "Asante. Miaka ishirini na saba nasuka mota. Zikiungua nalaumiwa, nimezoea. Hakuna aliyewahi kwenda kufungua kwanza. Asante sana, mama."

Apolinaria alijibu kwamba ni kazi yake. Akampa mkanda wake ajifunge, na begi lake la vyombo lililobaki kaunta.

Mwisho wa korido, Mama Koleta alikuwa amesimama ameshika lile bakuli kwa mikono miwili. Shomari alipomwona alisita. Kisha, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vizuri, akafungua kinywa amwamkie.

"Usiniamkie," bibi alimkatiza. "Bado. Ukiniamkia nitaitikia, na nikishaitikia nitakuwa mkubwa wako tena, sitaweza kusema. Nisikie kwanza nikiwa mdogo."

Pale pale, juu ya sementi ya polisi, alipiga magoti kama apigavyo msichana mbele ya wakwe. Askari wa kaunta aliacha kuandika.

"Nilikusingizia. Ulituonya, nikayageuza maneno yako kuwa kesi. Umelala hapa kwa sababu yangu. Sina cha kujitetea. Nimekuja kuomba msamaha mbele ya hawa walionisikia nikikushitaki."

Shomari aliweka begi lake la vyombo chini. Alimshika bibi viwiko, akamwinua taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kunyanyua vitu vizito visivyotakiwa kudondoka, na hakumwachia mpaka alipohakikisha amesimama sawasawa. Lile bakuli likabaki kati yao, bado lina joto.

"Yameisha, mama," alisema. Kisha akarudi hatua moja nyuma, akainamisha kichwa, akaanza upya. "Shikamoo."

Mama Koleta alifungua kitambaa cha bakuli, akamsogezea.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba. Kaa ule."